Picha ya rangi za maji ya mabinti wawili na ala zao: niliyoyaona baada ya kuitoa kwenye fremu

Fundi wa Fremu

Wakuu, salaam.

Ninafanya kazi katika karakana ya fremu za picha katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Wiki tatu zilizopita mteja wetu mmoja, mama mtu mzima, alituletea picha ya rangi za maji iliyokuwa ikining'inia katika nyumba ya marehemu shangazi yake, nayo kioo chake kilikuwa kimepasuka kwenye kona. Haina saini, haina jina nyuma, na mama mwenyewe hajui mabinti waliochorwa ni akina nani. Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari zake bila kuiweka picha yenyewe hapa, naye amekubali, kwa hiyo itawabidi mtumie macho yangu.

Picha si kubwa. Ina urefu wa sentimita 45 hivi na upana wa 35. Kushoto ameketi binti mbele ya piano ya kusimama, mikono imelala juu ya vibao vyake, lakini uso ameugeuza kututazama sisi. Kulia amesimama mwenzake, ameshika konsatina, ile ala ndogo ya pembe sita inayofanana na kodiani iliyonyweshwa maji ikasinyaa. Kati yao, juu ya piano, ipo karatasi ya nota. Wote wawili wamevaa gauni jeupe la mshono mmoja, lenye mikono ya kubana na kiuno kilichochongoka kwa mbele, na nywele zimetengwa katikati na kulazwa juu ya masikio. Nyuma yao limeshuka pazia la rangi ya majivu.

Mshono huo na nywele hizo ni vya miaka ya 1840, mwanzoni mwa enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Nilipoitoa karatasi na kuiinua mbele ya dirisha nikapata ushahidi ulio mgumu zaidi kubishiwa: alama ya maji, yaani chapa iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, inayosomeka J WHATMAN TURKEY MILL 1846. Hicho kilikuwa kiwanda cha karatasi cha Maidstone, katika jimbo la Kent, na karatasi zake zilipendwa sana na wachoraji wa rangi za maji. Mwaka ule ni wa kutengenezwa karatasi, si wa kuchorwa picha, lakini angalau tunajua kwamba picha haikuchorwa kabla ya hapo, na mavazi hayaturuhusu kwenda mbali sana baada yake.

Watu wakiona picha ya namna hii huuliza kwanza: hawa ni nani? Mimi nimekaa nayo mezani siku nne, na nimeona kwamba swali hilo halifiki popote, kwa sababu nyuso zimelainishwa mno kiasi kwamba zingeweza kuwa za binti yeyote wa nyumba yenye uwezo. Picha hii isomwe kwa weupe wake.

Naeleza. Mchoraji wa rangi za maji aliyefunzwa kwa mtindo wa zamani hakutumia rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe aliyoiacha bila kuigusa, kama mpaka hina anavyoiacha ngozi ionekane kati ya ua na ua. Akikosea, weupe umekwenda. Katika picha hii yamo mambo makubwa matatu meupe, nayo yamefanywa kwa njia tatu tofauti. Magauni ni karatasi tupu, yenye vivuli vya kijivu na samawati vilivyopitishwa kwa burashi yenye maji mengi mahali pa mikunjo peke yake. Anayeyatazama kwa karibu hupigwa na butwaa jinsi yalivyo na kazi kidogo. Karatasi ya nota ilipakwa rangi kwanza pamoja na piano, kisha ikakwanguliwa kwa ncha ya kisu hadi weupe wa ndani ukatokea. Ukiinamisha picha mbele ya taa, manyoya ya karatasi iliyoparuzwa yanaonekana. Vibao vya piano ndivyo pekee vilivyopakwa rangi nyeupe nzito, kimoja kimoja, na rangi hiyo naamini ni weupe wa zinki. Kampuni ya Winsor & Newton ya London ilianza kuuuza kwa wachoraji wa rangi za maji mwaka 1834 kwa jina la Weupe wa Kichina, ingawa Uchina haihusiki.

Kwa hiyo tunaye mtu aliyefunzwa njia ya zamani, aliyeimudu, na ambaye hata hivyo alikuwa na kichupa cha rangi mpya kando yake kwa ajili ya sehemu ambazo uvumilivu ulimwishia.

Nitaendelea. Kuna habari ya shanga nyeusi ambayo naitunza kwanza.

Mpenda Taarabu

Fundi, ahsante kwa uzi. Mimi nimekulia katika nyumba ya wapiga taarabu Unguja, na kodiani nimeishika, lakini konsatina sijawahi kuiona kwa macho. Naomba uniambie mambo mawili. Kwanza, una uhakika gani kwamba ni konsatina na si kisanduku tu cha kurembea? Pili, huyo binti anapiga kweli, au ameshikishwa?

Fundi wa Fremu

Ndugu Mpenda Taarabu, swali lako la kwanza ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa jibu lake lina upana usiozidi kucha ya kidole kidogo.

Upande wa ala unaotuelekea una safu nne za vitufe. Nilivitazama kwa kioo cha kukuzia nikaona kwamba vingi ni vyeupe, vingine vyeusi, na viwili vitatu ni vyekundu. Nilidhani mchoraji amejirembea tu. Kumbe konsatina za Kiingereza za zamani, zile zilizotokana na kazi ya Charles Wheatstone, ambaye alipata hataza yake ya mwanzo mwaka 1829 na nyingine ya maboresho mwaka 1844, zilikuwa na vitufe vilivyotiwa rangi hivyo hivyo: nota za kawaida nyeupe, nota za nusu nyeusi, na kila nota ya do ikawekwa kitufe chekundu ili kidole kisipotee. Mchoraji hakubuni. Alikuwa na ala mbele yake, aliihesabu, na vidole gumba amevipitisha ndani ya vitanzi vya ngozi kama inavyotakiwa.

Kuhusu swali la pili, hapigi. Mvukuto umefungwa kabisa, na konsatina iliyofungwa mvukuto haitoi sauti, kama vile kodiani. Binti wa piano naye ameweka vidole juu ya vibao, lakini hakuna kibao hata kimoja kilichozama. Sababu ni ya kawaida sana: mtu anayechorwa hukaa saa nyingi kwa siku kadhaa, na hakuna awezaye kuutanua mvukuto na kuushikilia hivyo. Picha inayoitwa ya muziki ni picha ya ukimya mtupu.

Na nota zile juu ya piano msinitume nizisome. Nimejaribu. Ni vitone tu, na mahali pamoja mstari wa nota una nyuzi sita badala ya tano. Aliyehesabu vitufe vya konsatina kwa uaminifu hakujali kuhesabu nyuzi za nota!

Binti Vuga

Fundi wa Fremu, hayo magauni ya mshono mmoja kwetu tungeyaita sare, na sare haivaliwi bila sababu. Je, ni ndugu? Na kwa nini konsatina? Nilidhani mabinti wa kizungu wa zamani walipiga piano na kinubi, basi.

Fundi wa Fremu

Dada Binti Vuga, kuvalishwa sare kulikuwa jambo la kawaida kwa ndugu wa kike ambao hawajaolewa, kwa hiyo ukisema ni ndugu sitakubishia, ingawa picha yenyewe haisemi.

Kuhusu ala, kulikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa. Binti wa nyumba yenye heshima alitarajiwa kujua kuimba, kupiga ala, kuchora, kutarizi na kusema Kifaransa kidogo, na mambo hayo yalihesabiwa kama sehemu ya kumwandaa kwa ndoa. Lakini si kila ala ilimfaa. Filimbi ilimharibu mdomo, fidla ilimpindisha shingo, na selo ilimtaka akae kwa namna iliyoonekana kuwa haifai kabisa. Mabinti wengi hawakuruhusiwa kuigusa fidla hadi miaka ya 1870 na baadaye. Zilizobaki ni piano, kinubi, gitaa, na kwa muda fulani katikati ya karne hiyo, konsatina. Ilikuwa ala mpya, ghali, ya ukumbini, na mpigaji hakulazimika kukunja uso. Baadaye ilipokuwa rahisi na kuingia mikononi mwa mabaharia na wapiga muziki wa mitaani, wenye ukumbi wakaiacha. Kwa hiyo binti huyu wa kulia, kwa wakati wake, ameshika kitu cha kisasa. Piano ni ya kila nyumba. Konsatina ndiyo ya kujionyesha.

Mwambao

Ndugu zangu, mimi naomba turudi kwenye vile vibao vyeupe vya piano, kwa sababu hapo picha hii inatugusa sisi watu wa pwani.

Vibao vya piano za London vilivikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na katika miaka hiyohiyo ya 1840 Zanzibar ya Sayyid Said ndiyo iliyokuwa soko kubwa la pembe katika Afrika Mashariki. Marekani ilikwisha kufanya naye mkataba wa biashara mwaka 1833, Uingereza ikafuata mwaka 1839. Pembe zilitoka bara, Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikibebwa mabegani na wapagazi kwa miezi mingi hadi Mrima, zikavushwa Unguja, na sehemu kubwa ya zile zilizokwenda London ilipitia kwanza Bombay. Mafundi wa Ulaya na Marekani walizipenda pembe za upande wetu kwa kuwa ni laini: zinakatika vizuri kwa msumeno na hazipasuki ovyo. Sasa ukimwona binti ameweka vidole vyake juu ya vibao hivyo, ujue kuna bega la mtu chini yake.

Mzee wa Nyaraka

Mwanangu Mwambao, historia uliyoieleza ni sahihi na nakushukuru, lakini tusiifanye picha ikiri jambo ambalo haikuulizwa. London ilinunua pembe kutoka Afrika Magharibi pia, na kutoka kusini, na hakuna fundi yeyote duniani anayeweza kukitazama kibao cha piano kilichochorwa akasema ndovu yule alikuwa wa Unyanyembe au wa Gaboni. Isitoshe, Fundi amekwisha kutuambia kwamba weupe tunaouona ni zinki.

Kama unatafuta pembe katika picha hii, mimi ningeitafuta mahali pengine. Namwuliza Fundi: nyuso zimechorwa vipi? Kwa burashi pana yenye maji, au kwa nukta?

Fundi wa Fremu

Shikamoo Mzee. Umepiga penyewe.

Nyuso na mikono si kazi ya burashi ya maji hata kidogo. Ni nukta, maelfu, ndogo kuliko punje za mchanga wa pwani, nyekundu na kijani hafifu na kahawia zikiwa zimekaa kando kwa kando, na ngozi inajengeka machoni mwa mtazamaji akisogea nyuma. Magauni yamechorwa kwa mkono ulio huru, nyuso kwa mkono uliobana pumzi. Ukizifunika sehemu hizo mbili kwa zamu utasema ni wachoraji wawili.

Mzee wa Nyaraka

Marahaba. Basi huyo, kwa kukisia kwangu, alikuwa mchoraji wa sura ndogondogo, zile za kuvaliwa kifuani au kuwekwa mfukoni, ambazo zilichorwa kwa rangi za maji juu ya kibao chembamba cha pembe ya ndovu. Pembe hainywi maji kama karatasi. Ukipitisha burashi iliyolowa rangi inateleza na kujikusanya, na ndiyo maana mafundi wa kazi hiyo walizoea kujenga uso kwa nukta. Mtu akiisha kuzoea miaka ishirini, hata umpe karatasi atatia nukta. Pembe imo katika picha hii, Mwambao, ila imo katika mazoea ya mkono.

Na mwaka 1846 watu hao walikuwa wameanza kuiona hatari. Richard Beard alikuwa amefungua studio ya picha za kamera London mwaka 1841, miaka miwili tu baada ya Daguerre kuutangaza uvumbuzi wake Paris. Picha hizo zilikuwa ndogo na hazikuwa na rangi, kwa hiyo aliyetaka kuwaona binti zake wawili kwa ukubwa huu, pamoja na pazia na mashavu mekundu, bado alimhitaji mchoraji. Inasimuliwa kwamba Alfred Edward Chalon, aliyekuwa amemchora Malkia Victoria mwenyewe kwa rangi za maji, aliulizwa naye kama kamera haitamwondolea riziki, akajibu kwamba kamera haijui kumpendezesha mtu. Jibu zuri, lakini katika miaka ya 1850 na 1860 wengi wa wenzake waliishia kutia rangi juu ya picha za kamera.

Binti Vuga

Mzee, na sisi wengine tuulize. Mmesema "mtu" na "mafundi", nanyi mnamwona mwanamume. Fundi mwenyewe ameeleza kwamba mabinti wa nyumba hizo walifundishwa kuchora. Kwa nini asiwe ndugu wa tatu, aliyeketi upande huu wa karatasi?

Fundi wa Fremu

Dada, nimelifikiria hilo hadi usiku. Ingeeleza kwa nini hakuna saini, na kwa nini vitufe vya konsatina ni sahihi mno: ala ilikuwa ya nyumbani, angeweza kuihesabu kila jioni.

Kinachonizuia ni zile nukta, ambazo ni kazi ya mtu aliyelipwa kwa miaka. Lakini hata hilo halimwondoi mwanamke, kwani katika uchoraji wa sura ndogondogo wanawake waliofanya kazi kwa malipo walikuwapo tangu zamani. Milango iliyofungwa ilikuwa mingine. Chama cha Wachoraji Wanawake kiliundwa London mwaka 1857 kwa sababu vyama vikubwa viliwapokea kwa shida, na mchoraji Laura Herford aliingia shule ya sanaa ya Royal Academy mwaka 1860 baada ya kupeleka michoro yake akiwa ametia herufi za mwanzo tu za jina lake. Kwa hiyo naondoa neno "mwanamume" kama nililisema mahali popote, lakini "ndugu wa tatu" nalo bado sijalikubali.

Sasa shanga.

Binti aliyesimama ana kidani shingoni, cha shanga kubwa kubwa, na kila shanga ina kitone cheusi. Mama mwenye picha alinieleza kwamba katika familia yao huyu amekuwa akiitwa "mwenye shanga nyeusi", na kwamba shangazi alikuwa na hadithi kamili: mchumba alikufa baharini, binti akaapa kutovua kidani cha matanga. Nilisikiliza bila kusema neno, kwa sababu mwenye nyumba akisimulia, mgeni hunyamaza.

Lakini vitone vile viko mahali ambapo mchoraji huweka mng'ao, juu kidogo upande wa dirisha, si mahali pa kivuli. Hakuna anayeng'arisha kwa rangi nyeusi. Zilikuwa lulu. Kwa vitone hivyo vidogo mchoraji alitumia weupe wa zamani, wa madini ya risasi, labda kwa kuwa ni mzito na hukaa wima juu ya burashi nyembamba. Weupe wa risasi ukiwa ndani ya mafuta unajikinga, lakini katika rangi za maji uko wazi, na nyumba za Uingereza wakati ule zilijaa moshi wa makaa ya mawe na taa za gesi. Salfa iliyomo hewani huushika na kuugeuza kuwa mweusi. Zinki haigeuki hivyo, ndiyo maana vibao vya piano vimebaki vyeupe hadi leo, sentimita chache tu kutoka kwenye kidani kilichoungua.

Mpenda Taarabu

Subhanallah. Kwa hiyo mchumba hakufa?

Fundi wa Fremu

Mchumba huenda hakuwapo, ndugu yangu.

Na si kidani tu. Nilipoondoa ile kadibodi yenye dirisha inayozunguka picha, niliona kwamba ukingo wa karatasi uliokuwa umefunikwa, upana wa kidole kimoja, una rangi nyingine kabisa. Pazia ambalo nimewaambia ni la majivu ni la zambarau iliyokolea, zambarau ya bilingani, pale ambapo mwanga haukufika. Nadhani mchoraji alichanganya nili na wekundu unaotokana na wadudu, na rangi zote hizo mbili huliwa na mwanga. Mwaka 1888 wanasayansi wawili, Russell na Abney, walitoa ripoti kwa serikali ya Uingereza baada ya watu kubishana magazetini kama picha za rangi za maji zinapauka au la. Walizianika rangi juani, nyingine zikiwa na hewa na unyevu na nyingine zikiwa zimeondolewa hewa, wakaona kwamba nyingi za zile zilizopauka zilihitaji mwanga, hewa na unyevu kwa pamoja. Nyuso za mabinti wetu zilikuwa na mashavu mekundu kuliko tunavyoyaona. Tunawaona wamepauka kama watu waliotoka kwenye homa, tukadhani ndio urembo wa wakati wao.

Mwambao

Fundi, lulu zinaweza kurudishwa?

Fundi wa Fremu

Zinaweza, ila si kwa mkono wangu. Mhifadhi wa picha za karatasi huweka dawa ya haidrojeni peroksaidi kidogo sana juu ya kila kitone, na ule weusi hugeuka kuwa mchanganyiko mwingine wa risasi ambao ni mweupe. Mapazia yaliyopauka hayarudi.

Nilimweleza mama haya yote Jumamosi, pamoja na gharama. Alikaa kimya, akaitazama picha, akasema kwamba shangazi yake alisimulia hadithi ile kwa miaka sitini na asingependa kumfanya mwongo akiwa kaburini. Shanga zibaki. Tukacheka. Kisha akaniambia kwamba nyumbani anayo piano ya shangazi huyohuyo, yenye vibao vya pembe vilivyogeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, akaniuliza kama hilo nalo ni jua. Nikamwambia ni kinyume chake: pembe hugeuka manjano ikifungiwa gizani, na viwandani walikuwa wakiianika nyuma ya vioo ili jua liing'arishe. Kwa hiyo afungue kifuniko cha piano, na picha aitundike kwenye korido isiyo na dirisha.

Jana nimeifunga. Nimeweka kioo kipya cha kuchuja mwanga, kadibodi mpya isiyo na asidi, na dirisha la ukubwa uleule wa zamani, kwa kuwa alitaka aione kama alivyoizoea tangu utotoni. Ule ukanda wa zambarau umerudi chini ya kadibodi.